Vitu Vinavyogeuka Mvuke Nyumbani

Mgeni aliingia darasani bila kubisha hodi, Jumatatu saa nne kasoro robo, wakati nimeshika mfuniko juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Wanafunzi wangu wa Darasa la Sita walikuwa wamejazana mbele kuangalia matone yakijikusanya upande wa ndani wa mfuniko. Wao ndio waliomwona kwanza. Kelele zilikatika, wakaanza kurudi kwenye madawati mmoja mmoja bila mimi kuwaambia.

Nikageuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la mikono mirefu, begi la ngozi begani, viatu vyeusi vilivyogeuka vyekundu kwa vumbi la barabara yetu.

"Endelea tu, Mwalimu," alisema. Akaketi kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yakamfika karibu na kifua, akatoa kijitabu na kalamu.

Huku Kazaroho mtu anayetoa kijitabu na kalamu huogopwa kuliko mwenye panga. Ni machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita, na shule yetu iko mwendo mfupi tu kutoka kwenye mashimo. Mgeni anaweza kuwa afisa. Anaweza kuwa broka wa dhahabu anayetafuta wa kumpunja. Anaweza kuwa ametumwa na wezi kuangalia nyumba ipi ina nini. Watoto hufundishwa hayo nyumbani kabla hawajaanza shule.

Asteria, msichana ambaye mdomo wake hauna breki, akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu ni afisa madini?"

Darasa likaangua kicheko cha woga.

"Asteria!"

"Mwache aulize," mgeni akasema, naye akicheka. "Mimi si afisa madini, mwanangu. Naitwa Eustace. Tunaandika kitabu cha sayansi cha kusoma pamoja na kile cha kiada, kwa ajili ya watoto wa darasa la tano mpaka la saba wanaoishi kwenye machimbo. Nimekuja kuwauliza ninyi wenyewe. Mngependa mfundishwe nini?"

Walimtazama. Hatimaye sauti moja ikasema, "Kutengeneza simu." Nyingine: "Kwa nini bata wa bibi walikufa walipokunywa maji ya mwaloni." Mwalo ni pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Eustace akaandika haraka, na mtoto aliyesema habari za bata akajuta, nilimwona akijikunyata.

"Na wewe?" akamuuliza Asteria.

"Mimi nataka nifundishwe kumjua mtu anayedanganya."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Eustace naye aliliandika hilo. Kisha akafunga kijitabu chake, akanitazama mimi.

"Mwalimu Aneth, nimesikia darasa lako lina madaftari ya mvuke. Ningependa kuyaona."

Jina langu sikuwa nimemtajia. Vichwa arobaini na moja viligeuka kunitazama, na katika dawati la tatu Vumilia akaweka kalamu chini taratibu, kama anayeogopa isitoe sauti.

"Nani amekwambia?" nikamuuliza. Hata neno la karibu sikuwa nimempa.

*

Nieleze habari za madaftari hayo, maana kosa lilikuwa langu.

Nilihitimu ualimu wa sayansi miaka miwili iliyopita. Ajira zilikuwa bado, nami sikutaka kukaa kwetu Samuye nikichunga ng'ombe wa baba huku vyeti viko kabatini, kwa hiyo niliomba kujitolea. Kazaroho walinipokea kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuja. Nilikuja na imani moja: mtoto wa miaka kumi na miwili afundishwe sayansi kwa kuangalia vitu vya kwao, na asikariri mchoro wa birika uliochorwa na mtu asiyemjua. Tulipofika kwenye hali za maada niliwapa kazi ya wiki moja. Kila mmoja achukue daftari jembamba, juu aandike "Vitu Vinavyogeuka Mvuke Nyumbani", na kila anapoona kitu kikigeuka mvuke aandike siku, saa, mahali, waliokuwepo, na kilichobaki.

Nilitegemea ugali, chai na nguo zilizoanikwa. Nilipata hivyo. Lakini katika madaftari arobaini na moja, kumi na sita yalikuwa na kitu kingine. Siku, saa, nyumba ya nani, na kilichobaki: kipande cha njano kama punje ya mtama. Kama punje ya mahindi. Kama nusu ya kucha.

Akina mama wengi wa Kazaroho huosha tena mchanga uliokwisha kuoshwa na wenye mitambo. Huchanganya na zebaki, nayo hushika chembe za dhahabu na kufanya kitonge cheupe. Kitonge hicho huchomwa, zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Wanachoma nyumbani, jikoni, kwenye kikaango kilekile cha dagaa. Na wanapochoma hufunga mlango na dirisha, wakaziba hata nafasi ya chini ya mlango kwa kitambaa, kwa sababu dhahabu ikiona mlango wazi inakimbia. Hivyo ndivyo wanavyoamini. Hakuna anayeruhusiwa kutoka wala kuita jina la mtu mpaka kitonge kiwe cha njano.

Bila kujua, nilikuwa nimewatuma watoto waniandikie orodha ya nyumba zenye dhahabu, pamoja na siku na saa ya kuikuta.

Daftari la Vumilia nililisoma mara tatu. Alikuwa ameandika hivi, kwa mwandiko wake uliolala upande mmoja:

"Jumamosi, saa nane mchana. Mahali: jikoni, mlango na dirisha vimefungwa. Waliokuwepo: mama, mimi na Charles. Kitonge kilikuwa cheupe. Mvuke sikuuona. Lakini kitonge kikawa cha njano halafu kikapungua. Nadhani kuna kitu kimeondoka. Sijui kimekwenda wapi."

Charles ni mdogo wake, wa miezi saba. Mimi nilijua kitu hicho kimekwenda wapi. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na chumba kikifungwa unaingia kwenye mapafu ya waliomo na mwingine unatua ukutani, kwenye chandarua, kwenye nguo za mtoto. Ndiyo maana siku ile nilikuwa nimeshika mfuniko juu ya sufuria. Nilitaka waone kwanza kwa maji kwamba kilichoondoka hakijapotea, kimekwenda kukaa mahali pengine.

Nilimwita Vumilia pembeni nimsifu. Badala ya kufurahi akaanza kulia.

"Mwalimu, mama akijua nimeandika..."

"Hatajua mtu."

"Na Mwalimu Mkuu?"

"Hakuna mwingine atakayelisoma zaidi yangu. Nakuahidi. Nikimaliza kusahihisha nitakurudishia mkononi mwako."

Darasa zima nililiambia hivyohivyo, nikafungia madaftari kwenye kabati.

*

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema Mwalimu Mihayo, mkuu wetu, mchana ule ofisini. Alikuwa anamimina chai ya tangawizi kwenye vikombe vitatu. "Nilieleza kwenye kikao cha kata kwamba tuna mwalimu kijana anayefanya mambo ya kisasa. Nilidhani nakusifia."

Eustace alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alinisukumia barua. Ilikuwa na nembo, sahihi na mhuri wa bluu. Mihuri ya bluu nimeiona ikichongwa Kahama mjini, karibu na stendi, mteja akiwa amesimama palepale anasubiri.

"Unachotaka hasa ni nini kwenye madaftari?" nikamuuliza.

"Sauti ya watoto," akasema. "Waandishi wenzangu wanabishana. Mmoja anasema mtoto wa darasa la sita hawezi kuelewa habari za zebaki, tusubiri sekondari. Mimi nasema wanaiona kila siku. Nikiwaonyesha alichoandika mtoto mwenyewe, ubishi unaisha, tunapata sura nzima. Ijumaa saa sita wenzangu wawili watafika hapa. Wayaone wenyewe."

"Nikikupa muhtasari? Bila majina?"

"Muhtasari utakuwa maneno yako. Watasema mwalimu ndiye aliyewaandikia."

Mwalimu Mihayo akavuta kiti karibu. "Binti yangu, sikia. Mimi kwa miaka ishirini na sita nimefundisha kinachotoka kwenye mtihani, kwa sababu mtoto akifeli hakuna atakayeniuliza habari za mvuke. Sasa hawa wanataka kubadilisha hali hiyo. Na wanatafuta mwalimu mmoja wa kulijaribu hilo somo hapa, mwenye mkataba, mshahara, kila kitu. Nimeshamtajia jina lako. Wewe unamuuliza mtu maswali kama polisi!"

Eustace alikunywa chai yake. Nilitazama mikono yake nikijaribu kuona kama ni ya mwandishi wa vitabu, kana kwamba mikono ya waandishi inafanana.

"Nitafikiri," nikasema.

Nilipotoka, wanawake wawili walikuwa wamesimama nje ya uzio na ndoo zao. Waliponiona wakaacha kuongea.

*

Jumanne Vumilia hakuja shule. Wengine sita pia hawakuja. Jumatano walikosekana kumi na tatu.

Dukani, nilipokwenda kununua sabuni, muuza duka alinipa chenji bila kunitazama. Mzee mmoja aliyekuwa anacheza drafti kwenye kibaraza akamwambia mwenzake kwa sauti ya kutosha mimi nisikie, "Siku hizi wapelelezi wanakuja na chaki." Mwenzake akajibu, "Tena wanatumia watoto wetu wenyewe, bwana. Sisi tunanunua daftari, wao wanaandika majina yetu." Nikawaamkia. Wakaitikia marahaba, wakarudi kwenye kete zao.

Sikuweza kuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kumshuku kila mtu. Nilimwona Eustace akitembea kuelekea mwaloni, nikajiuliza mwandishi wa kitabu cha watoto anakwenda kufanya nini kule. Nilimwona akiongea kwenye simu nyuma ya vyoo vya shule, akaishusha aliponiona. Kufuli la kabati nililitikisa mara tatu kwa siku.

Jumatano jioni nilimpigia Mwalimu Theonest, aliyenifundisha chuoni. Ni mtu asiyesema jambo asilolijua.

"Eustace?" akasema. "Yule mrefu, anayependa kukaa dawati la nyuma? Namfahamu miaka mingi. Ni mtu safi, Aneth. Hicho kitabu ni cha kweli, amekihangaikia mpaka wenzake wanamcheka. Mpe anachotaka."

Nilimshukuru. Nilipaswa kupumua. Lakini nilikaa kitandani simu mkononi, nikaona kwamba mambo yamekuwa magumu kuliko mwanzo. Mwizi ningemnyima bila kuwaza. Huyu alikuwa mtu mwema, alitaka nilichokitaka mimi, na bado nilikuwa nimemwambia Vumilia kwamba hakuna mwingine atakayelisoma.

*

Alhamisi wakati wa mapumziko ya mchana nilirudi darasani ghafla kuchukua miwani yangu, nikamkuta Asteria amepiga magoti mbele ya kabati, msumari ndani ya tundu la kufuli.

"Unafanya nini?"

Akaruka. "Nilikuwa naangalia kama limefungwa vizuri, Mwalimu."

"Kwa msumari?"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka langu tu. Baba amesema nisirudi nyumbani bila daftari. Amesema yule mtu akishayachukua, yanakwenda Geita, halafu wanakuja na gari usiku." Kisha akaongeza, kwa sababu ni Asteria: "Na kufuli lako bovu, Mwalimu. Nilikuwa nimekaribia."

Mwalimu Mihayo alisikia kelele, akaja. Alipoambiwa, alininyang'anya ufunguo, akautia mfukoni. "Madaftari hayatoki humu mpaka Ijumaa saa sita, mbele ya wageni. Nitayatoa mimi."

"Mkuu, niliwaahidi watoto."

"Watoto!" akasema, akaenda zake.

Jioni ile Lusia, mama yake Vumilia, alikuja kwenye chumba ninachopanga. Mwadila, salamu yetu ya Kisukuma ya jioni, hakuitoa. Alisimama mlangoni na Charles mgongoni, miguu yake bado na tope la mwaloni. Chai yangu ilikuwa inachemka.

"Shikamoo, Mama Vumilia. Karibu, kaa."

"Sikuja kukaa. Nataka uniambie jambo moja tu. Unafundisha, au unapeleleza?"

"Nafundisha."

"Sayansi."

"Ndiyo, sayansi."

"Basi ungemfundisha mwanangu mizani. Broka anapima dhahabu yangu, namwona kabisa amefanya kitu na kidole, sijui ni nini. Hiyo ndiyo sayansi ninayoitaka mimi! Wewe umemfundisha aandike mama yake anafanya nini siku ya Jumamosi."

Nilijiambia moyoni kwamba mizani ilipaswa kuwemo kwenye mafunzo yangu tangu siku ya kwanza. Nikamwambia hivyo. Akanikagua usoni kama anayetafuta nyufa.

Nikafunua sufuria ya chai nikamwonyesha mfuniko uliolowa. Nikamweleza kuhusu zebaki: inapanda, haionekani, inatafuta pa kukaa, na chumba kikiwa kimefungwa pa kukaa ni kwenye vifua vyao. Kwa mtoto mdogo, nikasema, kidogo ni kingi. Kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba kinachoikamata, lakini hata kabla ya kukipata, achomee nje, mbali na watu, upepo ukimtoka mgongoni, na mtoto asiwepo kabisa.

"Maji nayajua, Mwalimu," akasema. "Nimepika tangu nikiwa mdogo kuliko Vumilia. Dhahabu si maji. Nichomee nje, watu wote waone? Dhahabu yenyewe ikimbie? Haya, na anayeniambia hivyo ni nani? Ni mtu mwenye jina langu kwenye kabati lake." Alimpandisha mtoto mgongoni. "Zamani nilikuwa nachoma Jumamosi. Jumamosi sasa imeandikwa. Kesho Ijumaa mwenye mwalo anakwenda kuswali, mashine zinazimwa saa sita. Nitachoma saa sita, watu wakiwa kwenye chakula."

"Na Charles?"

"Nimwache na nani? Dada yake yuko ndani ananisaidia, shule nimemkataza."

"Mama Vumilia, usimweke ndani. Nakuomba."

Alikuwa ameshageuka. Akasimama. "Daftari la mwanangu likirudi mikononi mwangu kabla sijawasha jiko, nitakusikiliza. Nitajua unasema kitu unakifanya. Lisiporudi, wewe na yule mwenye begi ni kitu kimoja."

"Nitakuletea. Kabla hujawasha."

"Haya," akasema, bila kuamini.

*

Ijumaa saa nne Mwalimu Mihayo alifungua kabati. Alikuwa amevaa koti. Alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza ya ofisini, akapanga madaftari arobaini na moja katika mafungu mawili, pembeni chupa za maji na kitabu cha wageni. Kwenye ubao wa nje aliandika mwenyewe kwa chaki za rangi: KARIBUNI WAGENI WETU.

Nilikuwa na kipindi. Kulikuwa na wanafunzi kumi na tisa tu. Nilijaribu kufundisha, nikajikuta naangalia dirishani. Jua lilikuwa linapanda. Saa tano na nusu niliwaambia wasome kimya, nikaenda ofisini.

"Mkuu, nimekuja kuyachukua."

Alidhani nataka kuyapanga upya. "Yaache, yamekaa vizuri."

"Nawarudishia wenyewe."

Nilianza kuyakusanya, daftari moja likaanguka chini. Aliinama akaliokota yeye. Hakulifungua. Alilishika tu.

"Unajua ninachokitafuta hapa ni nini?" akasema polepole. "Nikistaafu, darasa hili liwe na mwalimu. Hilo tu. Mwalimu mwenye mshahara, asiyeondoka baada ya muhula mmoja. Nimewapigia simu watu mpaka aibu. Ukitoka na hayo madaftari, hao watu hawatakuchukua, na kamati ya shule mimi siwezi kuibembeleza tena ikuongezee muda wa kujitolea mwezi wa kumi na mbili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mkuu. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha. Fikiri."

"Nimefikiri."

Akaliweka daftari lile juu ya mengine mikononi mwangu, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo.

Darasani nilimwita kila mmoja kwa jina. Hawakuruka wala kushangilia. Walikuja mbele, wakachukua, wakayafungua palepale kuhakikisha kurasa zipo. Asteria alilisoma la kwake lote, kisha akalitia ndani ya shati.

"Yale ya wasiokuwepo?" akauliza.

"Chukueni ya majirani zenu. Mkabidhi mkononi kwa mwenyewe. Asifungue mtu."

"Nikifungua utajuaje, Mwalimu?"

"Sitajua."

Alifikiri kidogo, akachukua matano, akayafunga kwa kamba ya kiatu chake.

Langoni nilikutana na Eustace. Gari la wenzake lilikuwa limeshaonekana mbali, vumbi likipanda nyuma yake. Alikuwa anajifuta viatu kwa karatasi. Aliona daftari moja mkononi mwangu, akaelewa.

"Yote?"

"Yote. Hili nalipeleka."

"Mwalimu Aneth, majina ningeyafuta. Ningekaa mimi mwenyewe, karatasi kwa karatasi."

"Najua. Nilimuuliza mtu kuhusu wewe. Najua usingewadhuru."

"Basi kwa nini?"

"Niliwaambia hakuna mwingine atakayeyasoma. Kabla hujaja."

Alitazama gari lile likikaribia. Niliona uchovu usoni mwake, uchovu wa mtu aliyelala siku nne kwenye gesti yenye kunguni kwa ajili ya kitu ambacho amekikosa. "Sura ya zebaki itaondolewa," akasema. "Sina kingine cha kuwaonyesha. Watoto wangapi wangeisoma, umewahi kupiga hesabu?"

Nilikuwa nimepiga. Usiku kucha sikufanya kingine. Nikamwambia anaweza kuwaleta wenzake darasani Jumatatu, waketi nyuma, wasikie watoto wanavyojibu. Akasema wanaondoka leo saa tisa. Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia.

Nikaanza kukimbia. Kutoka shuleni mpaka kwa Lusia ni kushuka kilima, kupita mwaloni, halafu nyumba za mabati zilizobanana. Nilipofika mwaloni mashine zilikuwa zimezimwa tayari, na ukimya wake ulinitisha kuliko kelele. Kijana mmoja aliyekuwa ananawa miguu akanipigia mluzi, "Mwalimu, umeibiwa?" Nikampita mbio.

Nyumba ya Lusia ilikuwa na mlango wa jikoni wazi nusu. Vumilia alikuwa anakunja kitambaa cha kuziba chini ya mlango. Kikaango kilikuwa juu ya jiko, mkaa umepangwa, haujawashwa. Lusia alikuwa amechuchumaa, kiberiti mkononi, Charles kifuani akinyonya.

Nilishindwa hata kutoa salamu kwa pumzi iliyonibana. Nikanyoosha daftari.

Vumilia alisimama palepale alipokuwa. Nilimpa yeye kwanza, mkononi, kama nilivyomwambia. Alilitazama jalada, akamgeukia mama yake, akampa.

Lusia hakuniambia wabeja kwa Kisukuma, wala asante kwa Kiswahili. Alilipima kwa macho, mbele na nyuma. Akaangalia pini zake katikati, akazigusa kwa kidole kuona kama zimewahi kunyanyuliwa.

"Nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

"Yule wa begi?"

"Hapana. Amekwishaambiwa hapana."

"Na kazi uliyotafutiwa? Watu wanasema umetafutiwa kazi."

"Hiyo haipo tena."

Alinikazia macho kwa muda mrefu, bado akitafuta penye uongo. Simu yangu ikaanza kuita mfukoni. Nilijua ni Mwalimu Mihayo, na wageni wake wamesimama mbele ya meza yenye kitambaa cha kijani kitupu. Iliita, ikakatika, ikaanza tena.

"Si unapigiwa," Lusia akasema.

"Waache."

Akaweka kiberiti chini. Akamtoa Charles kwenye ziwa, akamfuta mdomo kwa upande wa kanga, akaninyooshea.

"Haya, mshike mtoto, mtoke nje," akasema. "Na wewe Vumilia, njoo unisomee humu daftarini uliandika nini."